Siku moja maishani mwangu: dereva teksi Inuvik, msimu wa mto kuvunja barafu

Saa 11 alfajiri. Nawasha gari, jua liko juu usiku kucha, huku kaskazini mwa Kanada mwisho wa mwezi wa tano likishapanda halizami tena hadi mwezi wa saba. Kabla ya abiria wa kwanza napita mtoni. Wiki hii mji mzima unapita mtoni.

Mto wenyewe ni Mackenzie, unaanzia ziwa la Great Slave Lake unatiririka kaskazini kilomita 1,738 hadi baharini, na hapo ndipo kasheshe yote inapotoka jamani, maana kusini joto linafika mapema, maji yanaachiwa kule, yakishuka huku yanakuta barafu bado imelala nene, basi vipande vinapandana, vinaziba njia, maji yanajaa yanatafuta pa kupita. Mbele ya mji wetu ni mkono mmoja tu wa delta, pale mto unapogawanyika kabla ya bahari, unaitwa East Channel, lakini ukisikia unavyonguruma mwili unasisimka.

Saa 3 asubuhi, airport. Abiria kidogo, makatoni mengi. Barabara pekee ya kwenda kusini, Dempster, inavuka mto Peel na huu Mackenzie bila daraja. Baridi gari zinapita juu ya barafu, kiangazi kuna kivuko, saa hizi hakuna hiki wala kile, kwa hiyo mboga zinakuja kwa ndege na bei yake unaiona dukani.

Saa 9 mchana kasoro ndio adhuhuri huku, naegesha msikitini. Huu msikiti naupenda sana. Ulijengwa Winnipeg, mji wa kusini mwa Kanada, ukapakiwa kwenye lori hadi mji wa Hay River kando ya Great Slave Lake, halafu ukashushwa na tishali mto mzima, 2010 ukafika. Mto huu huu.

Saa 1 jioni napakia mzee wa Kigwich'in, wenyeji wa asili wa huku. Namwambia naogopa mafuriko, yeye anaombea maji yapande, sio mjini, huko kwenye delta, kwa sababu kuna maziwa madogo maelfu kwa maelfu, na mengine yako juu kidogo, mto hauyafikii mpaka barafu izibe maji yafurike. Yakikosa mafuriko miaka kadhaa yanapungua, na wale panya wa maji wanaowatega kwa nyama na manyoya wanapotea. Kashukia kwenye boti lake, anakagua injini, barafu ikiondoka tu anakwenda kambini kwake.