Tumbo la mtetea wangu lilivyopungua

Mwanzoni nilidhani ananenepa. Mtetea wangu wa miaka 3 alianza kutembea akiyumba kama bata, kifua juu, na alikuwa hajataga kwa wiki 2. Nilipombeba, kidari kilikuwa mfupa mtupu. Tumbo tu ndilo lililojaa.

Nikahofia yai limekwama. Nikamkalisha dakika 20 kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha nikampapasa taratibu chini ya mkia. Hakuna kitu kigumu. Tumbo lilicheza kama puto lenye maji. (Usilikamue kamwe, yai likipasukia ndani, balaa.)

Daktari wa mifugo alimpiga altrasaundi: viini vya mayai vilikuwa vikidondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija wa mayai. Akachoma sindano, yakatoka maji ya njano. Aliyatoa polepole, maana kuyatoa yote kwa mkupuo kunaweza kumuua kuku. Akampa antibiotiki na kipandikizi cha homoni cha kusimamisha utagaji.

Jioni ile ile alipumua vizuri na kudonoa chakula. Maji yanaweza kurudi, kwa hiyo kila Jumamosi nampima uzito na kumpapasa tumbo. Yeye hapendi hata kidogo.