Mzuzu zilizokwama Kasumulu

Machi 2025 nilimsindikiza shangazi Kasumulu, wilayani Kyela, mpakani na Malawi, na Fuso ya ndizi. Tulipakia Tukuyu usiku, mvua ya Rungwe ikinyesha bila haraka, mikungu imepangwa na majani makavu ya mgomba katikati isichubuke. Nusu ya mzigo ilikuwa mzuzu, aina ya ndizi za kupika. Mteja wake yuko Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Miaka yote biashara yao ni ya simu: huyu anasema Kinyakyusa, yule Kingonde, na hawajawahi kuhitaji mkalimani.

Tulikuta foleni. Utingo akashuka kuuliza, akarudi kimya. Malawi ilikuwa imezuia mchele, unga wa mahindi, tangawizi na ndizi kutoka nje, kulinda wakulima wake na fedha za kigeni, ambazo kwao zilikuwa adimu. Karatasi tulikuwa nazo zote. Ofisa wa upande wa pili, kijana mpole, alizisoma moja moja, kisha akamrudishia shangazi kwa mikono miwili.

"Pepani, amayi," akasema. Samahani, mama.

Shangazi akakaa kwenye ngazi ya gari. "Yaani mzuzu imekatazwa kwenda Mzuzu!" Akacheka peke yake. Mzuzu ndio mji mkubwa wa kaskazini mwa Malawi, na mzigo ule sehemu yake ilikuwa ifike huko.

Siku ya kwanza ndizi zilikuwa kijani kabisa. Ya pili, kwa joto lile la Kyela, tulipofunua turubai ulitoka mvuke wenye harufu tamu, nikajua tumekwisha. Ya tatu nyuki walikuwa wengi kuliko wateja. Tukauza pale pale barabarani kwa bei ya kutupa, na bado hazikutoka, maana kumuuzia mtu wa Kyela ndizi ni kama kumpelekea mvuvi dagaa. Zilizobaki walikula mbuzi wa watu.

Aprili, Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akatangaza kwamba Tanzania nayo inafunga: mazao ya Malawi yasiingie, wala ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Mbolea ya kwenda Malawi ikaguswa pia, na nchi ile haina bahari. Kijiweni Tukuyu vijana walishangilia kama timu imefunga goli. Mimi pia, nakiri. Nilikuwa bado nanusa lile turubai.

Shangazi alizima redio. "Mwenzangu wa Karonga ana karanga zake huku sokoni," akasema. "Nani atamlipa?"

Mazungumzo yakafanyika, na kabla wiki mbili hazijaisha zuio letu likaondolewa. Jioni ile simu yake ikaita. Wakasalimiana kirefu: watoto, mvua, mgonjwa fulani, karanga. Ndizi hawakuzitaja kabisa. Alipokata simu, shangazi alichukua tochi akaingia shambani, nikamsikia akihesabu mikungu kwa sauti.