Sindano ya mgongo niliyoikataa

Kwenye faili kipimo cha damu, Hb, kiliandikwa 9.8, na namba hiyo ndiyo iliyotaka kutuponza usiku ule. Mgonjwa alikuwa dada wa miaka 26, kaletwa jioni na wifi yake akilalamika tumbo. Alikuwa hajaona siku zake kwa wiki saba, kipimo cha mkojo kilionyesha mimba, na altrasaundi ilionyesha kizazi kitupu na maji mengi tumboni. Kwa mwanamke mwenye mimba changa na kizazi kitupu, unachukulia kwamba mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi na kuupasua, na maji hayo ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Wifi yake alitaja pia, tena mara mbili, kwamba anaumwa bega la kulia. Hakuna aliyeliandika. Damu ikijaa tumboni hufika hadi chini ya kiwambo cha kupumulia, na neva ya kiwambo hutoka shingoni, palepale zinapotoka zile zinazohudumia bega. Mgonjwa wa namna hii akishika bega, usipoteze muda kumuuliza kama aliinua ndoo nzito.

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, nilikosomea utoaji wa dawa za usingizi kwa mwaka mmoja. Hospitali ilikuwa ileile ya wilaya niliyoiacha nikiwa muuguzi wa wodi ya wanawake, na watu walikuwa walewale. Kwao nilikuwa bado sista wa wodini, ila sasa nimeongezewa kazi ya kuchoma watu sindano ya ganzi mgongoni.

Daktari wa zamu alisoma faili akiwa wima mlangoni mwa thieta.

"Sista, mchome mgongo tuanze."

"Daktari, huyu mgongo hapana. Hana damu ya kuuvumilia."

"Si Hb yake 9.8?"

"Hiyo ni ya saa kumi na moja jioni. Sasa hivi mapigo ni 138, presha 78 kwa 40."

Ilikuwa saa tatu usiku. Lakini hata kama kipimo kingechukuliwa dakika ile, kisingenibadilisha mawazo. Hb hupima ukolezi wa damu, haipimi kiasi kilichobaki mwilini. Mtu akivuja haraka hupoteza chembe na majimaji kwa pamoja, kwa hiyo kilichobaki kwenye mishipa kina ukolezi uleule. Namba hushuka baadaye, mwili ukishavuta maji kutoka kwenye nyama kuyaingiza mishipani, au sisi tukishamwekea dripu. Kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kumwaga lita mbili anaweza kuwa na Hb ya kumridhisha kabisa anayesoma karatasi. Nilichokitazama mimi ni uwiano wa mapigo na presha ya juu. Ukigawa 138 kwa 78 unapata karibu 1.8, na kwa mtu mzima mwenye afya inakuwa kati ya 0.5 na 0.7. Ikivuka 1, mwili unakopa. Na dalili nyingine hazikuhitaji mashine: viganja vyeupe, vidole vya miguu baridi, na anapiga miayo. Miayo ile huwa naiogopa kuliko kelele za maumivu.

Sasa kwa nini mgongo ungemuua. Dawa ya ganzi ya bupivakaini, ile nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.4, ndiyo tunayotumia kila siku kwa upasuaji wa uzazi. Inaingizwa kati ya pingili za tatu na nne za kiuno au nne na tano, chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Ili mgonjwa asihisi kisu tumboni, ganzi lazima ipande mpaka karibu na usawa wa chuchu. Ikipanda huko haizimi maumivu peke yake, inazima pia neva zinazobana mishipa ya damu ya miguu na tumbo. Mgonjwa anayevuja anaishi kwa kubana hukohuko. Mwili umefunga mishipa ya pembeni ili damu kidogo iliyobaki ipelekwe kwenye moyo na ubongo. Ukimchoma unaifungua yote kwa mpigo, damu inatuama miguuni, na moyo unabaki unapiga bila kitu cha kusukuma. Ganzi ikizidi kupanda inazima hata neva zinazoharakisha moyo, na mapigo yaliyokuwa 138 yanaporomoka hadi 40. Efedrini, dawa ya kupandisha presha inayotuokoa kwa mama wa kawaida wa upasuaji, miligramu 5 au 10 kwa mara, haimfai mtu ambaye mishipa yake haina damu ya kurudisha.

Tuwe wa haki: daktari hakuwa mjinga. Mgongo ni wa haraka, mgonjwa anabaki anapumua mwenyewe, na usiku katika hospitali isiyo na wodi ya wagonjwa mahututi kila mtu anaogopa kumlaza mgonjwa aliyekula na kumpitishia kooni mpira wa hewa. Mimi pia niliuogopa. Yule dada alikuwa amekula ugali saa nane mchana, na tumbo lenye damu halisagi chakula. Akitapika wakati nimemlaza, matapishi yanaingia mapafuni. Kwa hiyo nilikuwa na hatari mbili mkononi. Ya matapishi naweza kujiandaa kuikabili, ya mgongo ikishaanza sina pa kuishikia. Huo ndio uamuzi wenyewe, na ndio nilioufundishwa kuufanya. Kukataa tu kunaweza kufanywa na yeyote. Mtoa usingizi anayekataa njia moja bila kuwa na nyingine tayari kwenye trei anamchelewesha mgonjwa na kumuudhi daktari bure.

"Sawa, utamlaza na nini?" akauliza.

"Ketamini na mpira. Wewe nawa, mimi naandaa."

Nilianza na mashine ya kunyonya, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Niliiwasha, nikaziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba kuona kama inavuta kweli, kisha nikalichomeka chini ya mto upande wa kulia, mahali mkono unafika bila macho kulitafuta. Laringoskopu, chombo cha kumulikia koo: taa iwake nyeupe. Ikiwa ya njano, betri zimechoka na zitazimika mdomoni mwa mgonjwa. Mpira namba 7.0, nikajaza puto lake hewa kuona kama linavuja, na 6.5 pembeni. Waya wa kuongozea mpira. Mfuko wa Ambu, wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, hata kama mashine ni nzima, maana mtungi wa oksijeni unaweza kuisha na umeme ukakatika. Kisha mishipa miwili. Wodini walikuwa wameweka kanula ya pinki, ambayo inafaa kwa dawa lakini kwa damu ni kama kuzima moto kwa kijiko. Niliweka ya kijivu mkono wa kushoto, na ya kulia nikaambulia ya kijani.

Dripu ya Ringa laktati ilikwenda, lakini sikuifungulia iende yote. Kabla mrija uliopasuka haujabanwa, nililenga presha ya juu kati ya 80 na 90, mgonjwa awe anajibu akiulizwa jina. Ukimsukumia lita tatu ili presha ipendeze kwenye karatasi, unasukuma bonge la damu lililokuwa limeziba tundu, na ile iliyobaki unaifanya maji. Maabara walikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Nikaomba waipimishe na waniletee mifuko mitatu mitupu ya kuchangia damu.

Hatua iliyofuata inawashangaza wanafunzi hadi leo. Kwa kawaida unamlaza mgonjwa, akilala ndipo anapakwa dawa na kufunikwa. Kwa huyu tuligeuza. Alipakwa iodini akiwa macho, akafunikwa shuka za upasuaji, daktari akasimama na kisu mkononi, mimi nikawa bado namwekea oksijeni kwa barakoa, dakika tatu kamili. Sababu ni kwamba dawa ya usingizi yoyote, hata ketamini, inalegeza kidogo kule kubana kwa mishipa, na toka hapo mpaka mrija ubanwe kila dakika ina bei. Nilimwambia, "Mdogo wangu, utasikia watu wengi juu yako na kitambaa, usiogope, hawaanzi mpaka ulale." Akaniuliza kama atazaa tena. Nikamwambia una mirija miwili.

Ketamini ya kwenye chupa huwa miligramu 50 kwa mililita. Nilivuta mililita 2, nikajazia maji ya chumvi mpaka 10, sasa kila mililita ina miligramu 10. Uzito wake nilikisia kilo 50. Mtu mzima wa kawaida ningempa hadi miligramu 2 kwa kilo, huyu nilimpa 1 kwa kilo, yaani mililita 5. Ketamini ina sifa ya kupandisha presha, lakini inafanya hivyo kwa kutumia akiba ya mgonjwa mwenyewe, na aliyekwisha kumaliza akiba anaweza kushuka nayo vilevile. Nyuma yake suksamethonia, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 100, muuguzi msaidizi akiwa ameshabonyeza gegedu la koo ili matapishi yasipande, na ameambiwa haachii mpaka mimi niseme. Mwili ukatetemeka kidogo, ukatulia. Nikaona nyuzi za sauti, nikapitisha mpira, nikaufunga sentimita 21 kwenye midomo. Kapnografia, kipimo cha kaboni dioksaidi anayotoa mgonjwa, hatukuwa nayo. Nikasikiliza tumbo kwanza, kisha kwapa la kushoto na la kulia, nikatazama ukungu ndani ya mpira. "Anza."

Tumbo lilipofunguliwa damu ilifurika mpaka sakafuni. Daktari aliingiza mkono, akakishika kizazi, akabana mrija wa kulia, na kwa hilo alikuwa mwepesi kuliko mimi kwenye kazi yangu. Presha ilisoma 62, ikakaa hapo, ikaanza kupanda. Hapo ndipo nikafungulia maji.

Na hapo ndipo mifuko mitupu ilipopata kazi. Damu ya mimba iliyopasuka saa chache zilizopita, isiyonuka na isiyochanganyika na uchafu wa utumbo, ni ya mgonjwa mwenyewe na inarudi kwake. Haihitaji kupimishwa kundi. Muuguzi wa vifaa aliichota kwa bakuli dogo la chuma lililosafishwa kwa mvuke, akaipitisha kwenye chachi tabaka sita, ikashuka kwa gamba la bomba la sindano la mililita 50 lililotumika kama faneli, ikaingia kwenye mfuko. Mfuko huo una mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda, zilizokusudiwa mililita 450 za damu. Ukiweka pungufu, dawa inazidi, ukizidisha, inaganda. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni pupa ya kukamua mabonge ili mfuko ujae. Mabonge hayachotwi. Unachota ile nyepesi tu, na unaipa kwa mpira wa damu wenye chujio, si ule wa dripu. Tulirudisha mifuko miwili na kitu, pamoja na ile chupa ya maabara. Baada ya hapo nilimpa kalisi glukonati ya asilimia 10, mililita 10 polepole, kwa kuwa dawa ile ya mfuko inanasa kalisi ya damu.

Wakati daktari anashona, nilijaza fomu ya usingizi. Miaka yangu yote ya wodini kila nilichoandika kiliishia na "kwa maelekezo ya daktari", na maneno hayo yalinipa raha fulani: likiharibika, limeagizwa. Kwenye fomu ile hayakuwa na pa kukaa. Niliandika: ganzi ya mgongo haikutolewa, sababu ni upungufu mkubwa wa damu mwilini, mapigo na presha hizi, saa hii, njia iliyochaguliwa hii. Kisha jina langu na namba ya leseni.

Kuhusu cheo cha muuguzi mtoa usingizi kuna mabishano. Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ICN, wa 2020 unapendekeza shahada ya uzamili kuwa ndiyo kiwango cha kumwita mtu muuguzi wa ngazi ya juu ya utendaji, na mwaka 2021 baraza hilo likatoa mwongozo wa wauguzi wa usingizi peke yao. Kwa kipimo cha shahada, wengi wetu tuliosoma mwaka mmoja hatumo. Sipingi kipimo hicho, elimu ile ningeitaka hata kesho. Ila sahihi kwenye fomu ilikuwa inadaiwa usiku uleule, na hakuna mwingine aliyekuwepo wa kuiweka.

Nilimtoa mpira akiwa macho, amelala ubavu, akifumbata kidole changu na kuinua kichwa kwa sekunde tano. Mapigo 104, presha 102 kwa 60. Wodini nilimkabidhi kwa muuguzi niliyewahi kufanya naye zamu. Vipimo kila dakika 15 kwa saa mbili, baadaye kila nusu saa. Mkojo usipungue mililita 25 kwa saa, na dawa ya maumivu ya diklofenaki asipewe mpaka mkojo huo tuuone, kwa maana figo zilishakosa damu ya kutosha jioni nzima. Taa ipunguzwe na asisemeshwe sana, ketamini huleta ndoto mbaya. Kundi la damu liangaliwe, akiwa Rhesus hasi atafutiwe sindano ya anti-D, ya kulinda mimba zijazo, ndani ya saa 72.

"Hiyo ya diklofenaki kasema daktari?" akaniuliza, kalamu iko juu ya karatasi.

"Nimesema mimi. Andika jina langu, na namba ya simu hapo pembeni. Mapigo yakizidi 120 niamshe mimi kwanza."