Kumbukumbu ya mradi wa nukta: wiki ya tatu hadi ya tano

Wiki ya tatu. Kadi za kwanza za kuchunguza jinsi jicho linavyopanga nukta katika makundi zimekamilika. Kila moja ina nukta nyeusi 64, nane kwa nane, zenye kipenyo cha milimita 4. Nilianza kwa umbali wa milimita 10, kitovu hadi kitovu, pande zote, na jicho halikupata pa kutulia: mara niliona safu za wima, mara za mlalo, mara mraba mmoja mkubwa. Nilipopunguza nafasi ya juu na chini hadi milimita 9, safu za wima zilianza kujitokeza mara nyingi zaidi, na kwa milimita 8 hazikuondoka tena hata nilipojilazimisha kuona za mlalo. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1923: vilivyokaribiana huonekana kuwa kundi moja, pasipo mtazamaji kuamua lolote.

Lililonishangaza zaidi lilitokea nilipoibandika kadi ukutani na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Nukta zilizidi kuonekana ndogo na nafasi baina yake zikabana, lakini safu zilibaki zilezile. Kwa hiyo kinachoamua si umbali wenyewe, bali uwiano wa umbali mmoja na mwingine, na tangu siku hiyo nyuma ya kila kadi naandika uwiano, wa nafasi ya wima kwa ya mlalo, badala ya milimita.

Wiki ya nne. Nilitaka kuupinga ukaribu kwa mfanano, yaani vinavyofanana kuonekana kundi moja, hivyo nikapaka safu za mlalo rangi mbili kwa kupokezana, nyeusi na nyekundu iliyokolea. Rangi ilishindwa kabisa, nami nikakaribia kuandika kwamba mfanano ni kanuni dhaifu. Kosa lilikuwa langu: wekundu ule ulikaribiana mno na weusi kwa kiwango cha giza. Nilipouondoa na kutumia kijivu hafifu, safu za mlalo zilishinda kwenye uwiano wa 9 kwa 10, zikapokezana na za wima kwenye 8 kwa 10, na zikapotea kwenye 6 kwa 10. Naiona kadi ya 8 kwa 10 kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kanuni mbili zikivutana bila mshindi.

Wiki ya tano. Mwanasaikolojia Stephen Palmer alionyesha mwaka 1992 kwamba vitu vilivyozungushiwa mpaka mmoja huungana machoni. Nilizungushia kila jozi ya nukta za mlalo mstari mwembamba, tena kwenye kadi ya 6 kwa 10, ambako ukaribu ulikuwa umetawala. Jozi zilionekana mara moja. Sikutarajia kalamu nyembamba kiasi hicho ingeshinda nafasi pana namna ile.

Nimeanza pia kuandika programu fupi ya kusogeza nukta kwenye skrini, kwa sababu mwendo wa pamoja, yaani vinavyosogea pamoja kuonekana kundi moja, hauwezi kuchunguzwa kwenye karatasi. Katika jaribio la kwanza nukta 12, nilizozichagua bila mpangilio wowote kati ya zile 64, zinasogea kulia kwa kasi moja. Zikiwa katika mwendo, zinaonekana kama kitu kimoja kinachopita juu ya vingine. Zinaposimama, siwezi tena kuitambua hata moja.