Kafa Ulaya

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2011, kesho yake ikiwa Idd el-Hajj, nikapanda treni kutoka Leeds hadi Skipton, mji mdogo wa soko huko Yorkshire, Uingereza, kutafuta koti. Baridi ilikuwa imenizidi maarifa. Jaketi la nailoni nililotoka nalo Tanga lilipiga kelele kila nikitembea na halikuzuia chochote.

Mama aliuza mitumba Ngamiani, mjini Tanga, miaka mingi, na mitumba kwetu tuliiita kafa Ulaya. Robota la makoti likifunguliwa alinung'unika, maana Tanga nani atanunua koti la sufu? Wateja walikuwa watu wa Lushoto kwenye baridi ya milimani, mabawabu wa usiku, na wazee wanaovaa koti juu ya kanzu. Babu alikuwa wa kundi hilo. La kwake lilikuwa la rangi ya majani makavu, vifungo vya ngozi iliyosukwa kama mpira mdogo. Kimoja kilipotea akashonea cha shati. Akinipakata kwenye maulidi lilinichoma shavuni kama nywele za mbuzi.

Sasa katika duka moja la hisani, yale yanayouza nguo ambazo watu wamezitoa sadaka, nikamwona ndugu wa koti la babu. Lilikuwa la kahawia inayoelekea kijani, limefumwa kwa mistari ya mifupa ya samaki, na ukilisogelea unaona nyuzi za chungwa na buluu ambazo kwa mbali hazipo kabisa. Sikulivaa. Nililigeuza nje ndani, kama mama alivyonizoeza: kwanza bitana, halafu kwapani, halafu ulipulize vumbi kwenye mikunjo uone kama nondo wamekula.

Mzee aliyekuwa zamu aliniona, akatoka nyuma ya kaunta. Kumbe alikuwa fundi wa kushona kabla ya kustaafu. Akaniambia hili ni koti la kupandia farasi. Mifuko imekatwa mshazari ili aliyekaa juu ya tandiko aingize mkono bila taabu. Mpasuo wa nyuma ni mmoja, mrefu, ili pindo lianguke huku na huku. Kile kimfuko kidogo juu ya mfuko wa kulia ni cha tiketi. Kisha akaingiza vidole mfuko wa ndani, akaupindua: kijitambaa cha fundi, kimeandikwa kwa wino jina la mteja na tarehe, Machi 1958. Koti hilo halikuwahi kutundikwa dukani likingoja mnunuzi. Mtu alisimama akapimwa.

Nikauliza kama ni Harris, jina pekee nililolijua la twidi, kitambaa kizito cha sufu. Nusura anifukuze. Harris ni ya Uskoti, akasema, hufumwa kwa mkono majumbani mwa watu wa visiwa vya Outer Hebrides, ina muhuri wake wa tufe lenye msalaba, na tangu 1993 inalindwa na sheria ya bunge. Hii ni twidi isiyo na muhuri wowote, na kwa mtu wa Yorkshire hiyo haikuwa kasoro hata kidogo.

Nikalipa pauni 12. Nje nikampigia mama.

"Umelichoma?"

"Mama, nimeshalinunua."

"Lichome hivyo hivyo. Vuta uzi ndani ya pindo."

Nyuma ya stesheni, nimeupa mgongo upepo, nikawasha kiberiti. Uzi ukanuka nywele zilizoungua, na jivu nililisaga kwa kidole likawa unga: sufu halisi. Nailoni ingejikunja ikaganda kama tone la plastiki. Nikampa mama majibu. Akanyamaza, kisha: "Pauni 12 kwa nguo ya maiti! Mwanangu, ungeanza na tano."

Yule fundi alikuwa amenipa masharti ya kuvaa: funga kifungo cha kati tu, cha chini usikiguse maisha yako yote, na usilivae mjini. Waungwana wa zamani wa Uingereza hawakuvaa kahawia mjini. Twidi ilikuwa ya shamba, ya farasi na ya kuwinda. La kifungo nimelitii mpaka leo. Asubuhi ya Idd nikalivaa katikati ya Leeds, juu ya kanzu nyeupe, na nasema bila aibu kwamba sijaona koti linalopatana na kanzu kama lile. Ule mpasuo uliokatwa kwa ajili ya farasi unaiachia kanzu icheze unapotembea.

Baada ya sala mzee mmoja wa Unguja akalishika mkono wa koti, akausugua kwa vidole viwili.

"La babu yako hili?"

"La marehemu," nikasema, "ila si wetu."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanivuta pembeni, akataka kujua treni ya Skipton inatoka saa ngapi.