Mawe Mawili Chini ya Bafle

Juzi jioni, mvua ilipokatika, binti yangu aliacha kazi yake ya shule, akatazama pembe moja ya sebule, akatazama na ya pili, kisha akaniuliza: "Papa, kwa nini bafle zetu zinakaa juu ya mawe?" Nilimjibu kwamba mawe ni mazito, kwamba sakafu yetu ni ya mbao nayo hutetemeka, na kwamba bafle, yaani sanduku la spika, ikikaa juu ya kitu kinachotetemeka sauti nene huvimba na kuyameza maneno. Jibu hilo ni la kweli. Lilimtosha, akarudi kwenye daftari lake. Mimi halikunitosha, na usiku ule nilichelewa sana kulala.

Wale waliowahi kuketi kwetu Katindo, mjini Goma, wanayajua mawe hayo mawili meusi yenye vitundu kama mkate. Niliyaleta pamoja na Baba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mwezi wa Agosti 2010, kutoka mahali ilipokuwa nyumba yetu ya zamani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kuteremka hadi Ziwa Kivu. Tuliporudi kutoka Gisenyi hapakuwa na nyumba, palikuwa na jiwe lililokuwa bado linatoa joto. Chini yake kilibaki kinanda cha santuri cha Baba, ampli yake ya kukuza sauti na bafle mbili za mbao alizozinunua akiwa mwalimu kijana. Kwa miaka minane iliyofuata alisikiliza habari kwa redio ndogo ya betri ambayo aliishikilia karibu na bega la kushoto, wala hakuwahi kulalamika.

Nilipoanza kupata mshahara, niliweka kando dola 200 ili nimnunulie kitu bora zaidi. Mama alisema kwamba redio kubwa yenye bafle moja ingetosha, kwa kuwa mzee hupenda habari kuliko muziki. Baba alinyamaza siku mbili, kisha akaleta dola 120 zake mwenyewe, zilizokunjwa ndani ya bahasha, na kusema neno moja tu: "Mbili." Hakutaka redio yenye bafle moja. Alitaka ampli yenye redio ndani yake, ile ambayo wengine huiita risiva, na bafle mbili.

Tulikwenda kwenye maduka ya Birere asubuhi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua moyoni. Katika duka la kwanza kulikuwa na seti ya bafle tano na sabufa, yenye taa za buluu zilizocheza kwa kufuata mdundo, na katoni yake ilitangaza wati 3000 PMPO kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Baba aliitazama kwa adabu, akaniomba niigeuze na kumsomea kilichoandikwa mgongoni. Kibao kidogo cha bati kilisema kwamba mtambo mzima hutumia wati 60 za umeme. Akauliza hizo wati nyingine 2940 zinatoka wapi. Muuza duka hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo, ingawa nilikuwa nimesoma umeme shuleni miaka minne na ningepaswa kuliona jambo hilo kabla yake. Hesabu ile ya PMPO hutaja kilele cha kufikirika cha kitambo kisichofika hata sekunde. Mtu anayechagua ampli anapaswa kuuliza ni wati ngapi inazotoa mfululizo kwa kila upande, zikiwa zimepimwa kwa bafle ya omu ngapi, yaani yenye ukinzani gani wa umeme.

Duka la pili ndilo ninalolikumbuka hadi harufu yake, harufu ya vumbi lililochomwa na vyuma vilivyopata joto, kwa maana mwenye duka alikuwa akiuza vitu vya okazyo, yaani vilivyokwisha kutumika, na aliviacha vikiwaka mchana kutwa ili wateja waamini kwamba ni vizima. Juu ya rafu ya katikati ilikaa ampli ya rangi ya fedha, yenye mbavu za mbao na dirisha refu la kioo ambalo ndani yake sindano nyekundu ilitembea juu ya tarakimu zilizomulikwa kwa taa ya manjano. Niliinyanyua nikakuta ni nzito mno, na uzito huo ulinifurahisha, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa ampli za namna ile ni transfoma, na transfoma kubwa ni dalili kwamba mtengenezaji hakubana matumizi mahali pasipoonekana. Kitufe chake cha sauti kilizunguka polepole, kwa ulaini wa mafuta. Baba naye aliipenda. Nilimwona akipitisha kidole juu ya mbao kama alivyokuwa akipitisha juu ya majalada ya vitabu. Mgongoni iliandikwa volti 100. Mwenye duka alieleza kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na kwamba angetupatia kwa dola 30 zaidi kisanduku cha kushusha umeme wetu wa volti 220, kwani bila hicho ingeungua siku ya kwanza. Baba alikubali hata hilo. Nilikuwa nimekwisha kuingiza mkono mfukoni kushika zile fedha.

Ndipo aliposema: "Nitafutie Okapi."

Nilishika kitufe cha redio, nikaanza kukizungusha kukitafuta kituo hicho cha habari. Sindano iliondoka kwenye 76, ikapita 80 katika mvumo mtupu, ikapita 85 bado katika mvumo, ikakuta karibu na 89 kituo kimoja cha nyimbo za dini ambacho kilisikika safi ajabu, na pale pale kitufe kikagoma. Nilidhani kimekwama. Nilikirudisha nyuma, nikakipeleka tena mbele, na kwa mara ya pili sindano ilisimama kwenye 90 na kugusa ukingo wa kioo. Hapakuwa na 91. Kituo alichokitaka kilikuwa juu ya 100, na kwenye mtambo ule 100 haikuandikwa mahali popote. Nje ya duka jenereta za jirani zilinguruma, mtu mmoja alikuwa akiita abiria wa Sake, na sisi watatu tulisimama tukiitazama ile sindano nyekundu bila kusema. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Japani ilizipa redio zake za FM nafasi ya megahezi 76 hadi 90 enzi zile, wakati sisi, pamoja na sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108; lakini siku ile sikulijua hilo, niliona tu kwamba kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvigusa hakikuweza kufika tulipokuwa sisi.

Nilimsihi. Nilisema kwamba tungeitumia kwa muziki, na kwamba habari angeendelea kuzisikiliza kwa redio ndogo. Alinisikiliza hadi mwisho, huku kofia yake akiwa ameishika mkononi, kisha akasema: "Mwanangu, kitu kisichoweza kuniletea habari za nyumbani, nikipeleke nyumbani kikafanye nini?" Alilisema kwa upole, na mwenye duka, ambaye angeweza kukasirika, alisema, "Mzee amesema kweli," akaishusha mwenyewe.

Tulichonunua ni Technics nyeusi isiyo na urembo wowote, ya volti 220, yenye wati 40 kwa kila upande katika omu 8. Okapi ilipatikana mara moja. Kazi ndefu ilikuwa kuchagua bafle, na hapo Baba alikataa kabisa kusikiliza muziki. Aliomba kitufe cha "loudness", kile kinachoongeza sauti nene, kizimwe, vitufe vya sauti nene na sauti nyembamba virudishwe katikati, na redio ibaki kwenye habari. Mwenye duka alishangaa, maana kila mteja wake hutaka ngoma itikise vioo. Baba alieleza kwamba ngoma mtu anaweza kudanganywa nayo, kwa sababu hajui ilivyolia pale ilipopigwa, lakini sauti ya mtu kila mmoja wetu anaijua tangu tumboni mwa mama. Akainama, akaegemeza sikio la kushoto karibu na kitambaa cha bafle, akafumba macho. Jozi ya kwanza, iliyokuwa ndefu na ya fahari, ilimfanya msomaji wa habari azungumze kana kwamba yumo ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa kali kwenye kila herufi ya "s". Jozi ya tatu ilikuwa masanduku mawili ya wastani, kila moja na wufa ya sentimita 20 kwa sauti nene na twita moja kwa sauti nyembamba, kona zake zimechubuka, na ndani yake yule mtu alikuwa mtu tu, anasoma, anavuta pumzi, anafungua ukurasa.

Mgongoni mwa jozi hiyo paliandikwa omu 8 na desibeli 90, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja, na hapo angalau masomo yangu yalifaa kitu. Jozi ndefu ilikuwa na desibeli 84. Kila tofauti ya desibeli 3 hudai nguvu mara mbili, kwa hiyo bafle ya 84 huhitaji wati 40 ili ifike pale ambapo bafle ya 90 hufika kwa wati 10. Kwa watu ambao usiku wao mwingi waliutegemea umeme wa betri ya gari kupitia konvata ya kuugeuza uwe wa volti 220, tofauti hiyo ilikuwa saa nzima za kusikiliza. Mwenye duka alitaka kutuongezea jozi nyingine kwa bei ndogo, ziungwe zote nne mahali pamoja. Nilikataa, kwa kuwa omu 8 mbili zikiungwa sambamba huwa 4, na ampli ndogo huchemka. Tulilipa dola 290. Zilizobaki tulinunulia waya wa shaba wa nyumba, wa milimita 2.5, na soda mbili.

Usiku ule niliunganisha kila kitu peke yangu. Baba alileta kiti, akakiweka katikati ya sebule, akaniambia nikae mimi. Yeye alikaa pembeni, upande wa kulia, karibu na ukuta. Redio ilipoanza kusema aliniuliza: "Unamsikia amesimama wapi?" Nilisikiliza. Nilimjibu kwamba hasimami popote, sauti iko kila mahali kama moshi, na ni nyembamba kuliko ilivyokuwa dukani. Akasema bila kusita: "Waya mmoja umeugeuza." Nilichukua tochi, nikaenda nyuma ya bafle ya kushoto, nikakuta kweli: mwekundu ulikaa mahali pa mweusi, kwa hiyo wufa moja ilisukuma hewa wakati mwenzake akiivuta, na zote mbili zikauana. Niliurekebisha na kurudi kitini. Sasa yule msomaji alikuwa amesimama ukutani, katikati kabisa, mahali pasipo na chochote. Baba aliniuliza tena: "Na sasa, wapi?" Nikanyoosha kidole. Alitazama mahali nilipoonyesha, akatazama kwa muda mrefu sana, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku mbili baadaye tulikwenda kuleta mawe. Tuliyachagua yenye kimo cha kufikisha twita usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, na kila moja tulilinyanyua watu wawili. Tuliyaacha mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja, na mita mbili kati yake, sawasawa na umbali wa kufika kitini. Sauti nene ilitulia siku hiyo hiyo.

Baba alifariki mwaka 2017. Baada ya arobaini, tulipokuwa tukigawa nguo zake, Mama alisema, kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mmoja analijua, kwamba tangu homa ile kali ya mwaka 2003 sikio lake la kulia halikuwahi kusikia tena. Nilikaa chini. Mtu wa sikio moja hawezi kumsikia msomaji akisimama kati ya bafle mbili. Kwake sauti yote hutoka upande mmoja tu. Nilikuwa nimedhani kwamba usiku ule alinipima kama mwalimu anavyompima mwanafunzi, kumbe aliniuliza kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua. Nilimuuliza Mama kwa nini basi alitoa dola 120 zake ili ziwe mbili. Mama aliendelea kukunja mashati. Alisema kwamba hata yeye aliwahi kumuuliza, naye hakujibu.

Huenda alizikumbuka zile zilizobaki chini ya lava, na alitaka chumba kifanane tena na kile cha zamani. Huenda alinunua kwa ajili yangu, nami nilidhani kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia. Zipo siku ninaamini hili, na zipo siku ninaamini lile.

Juzi, binti yangu alipofunga daftari, nilimwomba akae kwenye kiti cha katikati. Mimi nilikwenda pembeni, upande wa kulia, nikawasha habari kwa sauti ya chini, nikamuuliza yule mtu amesimama wapi. Hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye ukuta mtupu, kati ya mawe mawili, kisha akaniuliza: "Wewe humsikii, Papa?"