Mguu Sebuleni

Leo asubuhi mwanangu alikuwa anasubiri uji, macho juu. Akauliza kwa nini kidirisha cha silingi, lile tundu la kupandia darini, tumekiweka koridoni, mahali kila mgeni anakiona. "Kinaharibu nyumba," akasema. Maneno yale yale ya mama mmoja wa Shanty Town, Moshi, niliyemfanyia kazi ya bomba.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kumaliziwa, jipsamu imeshapigwa, fundi wa skimu anasubiri. Nikamwambia tutoboe koridoni, sentimita 60 kwa 60, maana koki na maungio ya bomba yote yako pale juu. Hakutaka kusikia. Nami nusu ya hela yangu ilikuwa bado kwake, sikubisha. Tukatoboa stoo, tena 40 kwa 40, kienee kati ya rafu na ukuta.

Desemba ile, Wachaga wamerudi nyumbani, nyumba imejaa ndugu wa Dar, nikapigiwa simu: koridoni kunavuja.

Kwenye lile tundu nilipita mikono juu, kama mtoto anayevuliwa shati. Saa nane mchana, bati linachoma mgongo, tochi ya simu nimeing'ata. Kutoka stoo hadi kwenye bomba ni kenchi 7, zile mbao zinazobeba paa, na katikati yake hakuna pa kukanyaga, ni bodi tupu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano jasho likaniingia jichoni. Jipsamu haikupi onyo hata kidogo, inakatika kama ganda la yai. Mguu wa kulia ukazama hadi pajani, na kiatu nilikuwa nimekivua ili nisiteleze. Kwa hiyo kilichotokea sebuleni ni soksi, yenye tundu kwenye kidole gumba.

Chini kimya. Televisheni tu ndiyo iliyoendelea kuongea. Kisha sauti ya bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, taratibu kabisa:

"Karibu, baba. Lakini mlango si uko wazi?"

Elbo, ile kona ya bomba iliyokuwa inavuja, nilibadilisha, bodi nikanunua kwa hela yangu, koridoni tukatoboa 60 kwa 60, kando kidogo ya bomba ili mabega yapite. Nusu yangu niliipata Pasaka.

Nilipomsimulia haya, mwanangu alicheka nilipofika kwenye soksi. Kisha akaangalia tena juu.

"Si ungetoboa kikubwa hukohuko stoo?"

Kenchi 7 zingebaki 7, nilitaka kumwambia. Nikamsogezea uji.